Mama lishe wa getini kwetu, Tanga: nyota nne, ya tano imezama kwenye maharage

Mwenyewe kanikataza kumtaja jina, anasema wateja alionao wanamtosha. Basi nitamwita Bi Mkubwa, kama tunavyomwita wote pale getini.

Mie ni nyapara wa zamu ya asubuhi kwenye kiwanda cha kusokota kamba za mkonge, hapahapa Tanga. Chakula chake nimekila miaka mingi, lakini kinachonifanya niandike ni ile miezi mitatu ya mwaka 2020.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, aliyekuwa Arusha, alitangazwa tarehe 16 Machi, na aliyetangaza ni Ummy Mwalimu, waziri wa afya wa wakati huo, ambaye mwaka huohuo akawa mbunge wetu wa Tanga Mjini. Kwetu ilianza kama mzaha, maana korona ni jina la zamani huku: ndiyo mashine ya kuchakata majani ya mkonge. "Nimeilisha korona majani miaka ishirini, leo initishe?" alisema mzee mmoja wa kwenye mashine ya brashi. Mzaha haukumaliza wiki mbili. Kwenye vumbi la mkonge kila mtu anakohoa, miaka nenda miaka rudi. Sasa mmoja akikohoa, wa mashine ya jirani anazima anaondoka. Viwanda havikufungwa, na sisi tunalipwa kwa siku, anayekaa nyumbani hana chake. Bado walikaa. Zamu yangu ina watu 22. Jumatatu moja nikahesabu 13.

Ofisi ikabandika mabango. Ikaleta kipaza sauti. Ikaahidi fulana, ambazo zilikuja Septemba, zote saizi moja.

Bi Mkubwa yeye alivunja sinia. Watu wa pwani sisi, tulikuwa tunakula wannewanne, wali umejaa na mchuzi wa samaki katikati. Alipoleta bakuli za plastiki zenye vifuniko watu walinuna, mmoja akamwambia anatulisha kama wagonjwa wa wodini. Hakubishana. Alichukua rangi ya kucha ya binti yake, nyekundu, akaandika namba juu ya kila kifuniko, na namba hiyo ikawa yako. Yangu 9. Usipokuja kazini, bakuli lako linabaki peke yake mezani, wote wanaliona, na jioni kijana wa guta anapitishwa kwenu kuuliza hali.

Halafu uji. Saa kumi na mbili na nusu, kabla mashine hazijawashwa, uji wa mtama wenye pilipili manga, unamiminiwa kwenye kikombe chako ukishanawa. Ndoo ina koki, na sabuni kaifunga kwa kamba yetu wenyewe ya mkonge isiibiwe. Anayenawa harakaharaka anarudishwa. Nilimwona akimrudisha meneja, na meneja akarudi. Uji ulikuwa 300, wali 1,500. Niliwabana ofisini wachangie nusu ya wali, tukavutana siku nne, wakakubali. Mwisho wa Mei nilikuwa na watu 21. Wa 22 alikwenda kwao Muheza kuuza machungwa, na sikumlaumu.

Sasa kasoro, maana hii si kaswida. Maharage yake yana mawe. Nimemwambia kwa upole, nimemwambia kwa ukali, jino limenipasuka, na Jumanne iliyopita nimetema jingine. Jiwe, si jino. Masika ikishika guta linakwama matopeni, mnakula saa nane huku mna njaa na hasira. Chenji hana kabisa, anakupa ubuyu.

Siku hizi sinia limerudi kwa wanaolitaka. Mie bado nakula kwenye namba 9, rangi imebanduka imebaki nusu, inasomeka kama 0. Ijumaa ana bada, yaani ugali wa muhogo, na pweza wa nazi. Fikeni kabla ya saa saba. Baada ya hapo unabaki ukoko wa wali, na ukoko una wenyewe.