Seti ya kuanzia kuvua samaki aina ya trauti kwa nzi bandia: fimbo safi, mshipi majanga

Nimekaa na hii seti msimu mzima ndo naandika, maana wiki ya kwanza ningeandika matusi tu. Ni ile ya wanaoanza, kila kitu kwenye begi moja: fimbo ya futi 9 namba 5 (namba ni uzito wa mshipi inaourusha) ya vipande vinne, rili, mshipi ushafungwa tayari na kiboksi cha nzi, yaani ndoano zilizovikwa manyoya na nyuzi zifanane na wadudu. Kampuni siitaji, nna ugomvi nao.

Fimbo sina neno. Futi 9 namba 5 ndo saizi ambayo karibu kila mvuvi wa trauti atakwambia uanze nayo, na hii inapinda taratibu hadi katikati, kwa anayejifunza ni raha kwa sababu unausikia mshipi mkononi ukivuta nyuma, unajua sasa ndo niurushe mbele. Rili inalia kama baiskeli mbovu lakini jamani kwa trauti wa kawaida rili ni ya kutunzia mshipi tu, samaki mwenyewe mara nyingi unamvuta kwa mkono.

Sasa mshipi, hapa ndo waliniua. Kwenye uvuvi huu nzi hana uzito wa maana, kinachoruka ni mshipi ndo unambeba nzi, kwa hiyo ukiwa mbovu hata fimbo iwe nzuri vipi utakuwa unarusha kamba ya kufungia mbuzi. Kwenye boksi wameandika WF5F, yaani uzito uko mbele, namba 5, wa kuelea, ila ulitoka umejikunja kama springi na safari ya tatu ncha ikaanza kuzama. Mi nikajua shida ni mkono wangu, Jumamosi nne nzima napiga maji kama nafua nguo, nanasa majani nyuma, mpaka jamaa mmoja mtoni akanipa fimbo yake nijaribu, mara ya kwanza tu mshipi ukanyooka wenyewe. Nikanunua mshipi mwingine, nikaufunga kwenye fimbo hii hii, tukaelewana.

Lida nayo, ile kamba nyembamba kati ya mshipi na nzi, wameweka futi 7 na nusu, ncha 3X (namba ya X ikipanda ncha inakuwa nyembamba), nene mno kwa nzi mdogo wa saizi 16. Weka futi 9 inayoishia 5X.

Nzi wenyewe wako poa, Adams na Elk Hair Caddis wa kuelea, ila samaki wangu wa kwanza alikula Pheasant Tail, nzi wa kuzama, kule chini, maana trauti chakula kingi anakula chini ya maji, sisi tunaopenda kumwona akipasua juu tunajichelewesha wenyewe. Nzi mwingine, Woolly Bugger, alifumuka samaki wa pili tu. Halafu ndoano zote zina kijino cha kumzuia samaki asichomoke, kibane na koleo kabla hujaanza kama unawarudisha majini, na lowesha mikono kwanza usimtoe ute.

Kijitabu cha maelezo ni kichekesho. Picha ya mtu mbele ya uso wa saa, fimbo isimame kwenye 2 nyuma na kwenye 10 mbele, basi. Fundo hata moja hawajaonyesha, wala hawajasema kule nyuma usubiri mshipi unyooke ndo urudi mbele, na mi hicho ndo kilinitesa kuliko vyote.

Fimbo peke yake ningeinunua tena, hawaiuzi hivyo. Niliwaandikia kuhusu mshipi wakajibu niuoshe kwa sabuni. Nimeuosha. Bado unazama.