Kifaa cha kahawa cha kubeba kempu: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Tulikuwa Lushoto, juu kule karibu na Irente, watu 6 na hema 3, asubuhi ukungu umeshuka mpaka gari hulioni ulipolipaki. Nikatoa frenchi presi yangu ya kioo (lile jagi la kahawa lenye wavu wa kukandamiza machicha) niliyonunua kwa mbwembwe, ilikuwa imelala nje usiku kucha juu ya meza, nikamimina maji yanayochemka, ikalia ta! Kitako kikabaki mezani, kahawa yote ya Mbinga ikaingia kwenye nyasi. Watu wananitazama tu. Aliyetuokoa ni jamaa tuliyemcheka tangu Mombo kwa kubeba Africafe za paketi, ile kahawa ya kuyeyusha, akapitisha moja moja kama anagawa sadaka, hakusema neno, na hilo ndo liliuma zaidi.

Tangu hapo nimenunua vifaa vingi kuliko inavyotakiwa, vingine nimegawa, na nimegundua swali la kujiuliza dukani sio "kipi kinatoa kahawa tamu", maana karibu vyote vinatoa kahawa tamu ukivijulia. Swali ni kitaoshwa na maji kiasi gani. Kempu maji umebeba mwenyewe kwenye dumu, ya kunywa hayo hayo, ya kupikia hayo hayo, sasa kifaa kinachotaka lita nzima kuoshwa ili upate vikombe 2 hicho ni mgeni asiyejua kuondoka. Ndo maana orodha yangu imekaa hivi ilivyokaa.

Ila kabla ya kifaa chochote, grainda, yaani kisagio cha kahawa. Kama una bajeti ya kitu kimoja tu nunua grainda ya mkono, kahawa upikie hata kwenye kopo la maziwa. Kahawa ikishasagwa harufu inaanza kukimbia siku hiyo hiyo, kwahiyo ile uliyosagiwa dukani wiki 2 zilizopita hata uibebee kifaa cha dola 100 haitakupa kitu. Chukua yenye meno ya chuma kama mfuko unaruhusu, zile za bei chee zenye meno ya kauri zinacheza cheza katikati, nusu inatoka unga nusu inatoka chenga. Dukani ishike mhimili uutikise, ukicheza rudisha. Za visu za umeme achana nazo, zinakatakata tu, na porini umeme utoe wapi. Na usidharau kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu, nimeshatwangia kahawa humo, ya kupika kwenye sufuria inatosha kabisa, sema kioshe vizuri kwanza, mi sikuosha vizuri.

Sasa orodha.

Ya kwanza ni AeroPress. Najua mtasema ni lidude la plastiki kama bomba la sindano, na ni kweli limefanana. Alilitengeneza Mmarekani anaitwa Alan Adler, likaingia sokoni 2005, ni bomba 2 moja inaingia ndani ya nyingine, chini karatasi ya kuchujia. Unaweka gramu 15 hivi (vijiko 3 vya chakula vilivyosawazishwa), maji kama mililita 200, unakoroga, unasubiri dakika moja na nusu, unasukuma taratibu. Uzuri wake uko mwishoni. Unafungua kifuniko, unasukuma tena kidogo, machicha yanaruka yakiwa yamekauka na kushikana kama kitumbua, unafuta kile kimpira kwa kidole, basi. Maji ya kuoshea ni fundo moja. Karatasi yenyewe ukiisuuza unaitumia tena hata mara 4.

Halafu kuna suala la mlima ambalo wengi hawalifikirii. Ukipanda juu maji yanachemka kabla hayajafika 100, ukiwa kambi ya Horombo kule Kilimanjaro, mita 3,720, yanachemka kwenye kama 88, ukipanda zaidi mpaka Kibo Hut ni kama 84, kwahiyo unaona yanatokota unadhani ya moto kweli kumbe vuguvugu la heshima. Vifaa vingi vinatoa kahawa nyepesi yenye uchachu hapo. AeroPress haijali sana, Adler mwenyewe alikuwa anashauri maji ya nyuzi 80 tu, we saga laini zaidi kidogo na usubiri dakika 2 au 3. Kwa wanaopanda Kilimanjaro sijaona mpinzani wake.

Ubaya upo. Bei ni dola kama 40 huko kwao, ikifika hapa na usafiri inaumiza, na inatoa kikombe kimoja kimoja. Mkiwa 6 unageuka mama ntilie, wa kwanza kashamaliza anaomba tena na wa mwisho hajapata. Kopi za Kichina zipo, kabla ya kulipa sukuma ikiwa kavu usikilize, kama mpira haubani pembeni hewa inapita na hutapata msukumo wowote.

Ya pili, na kwa kundi kubwa ndo ya kwanza, ni sufuria ndogo yenye mfuniko na mdomo wa kumiminia, au dele kama lile la wauza kahawa wa mtaani. Haki ya Mungu watu wanadharau hii kwa sababu ni rahisi. Lita 1 ya maji, gramu 60 za kahawa iliyosagwa chenga chenga, maji yakichemka toa motoni, mimina kahawa, koroga, funika dakika 4 au 5, afu nyunyizia maji ya baridi kijiko 2 juu, machicha yanazama, mimina taratibu na ile ya chini kabisa iache. Ukitaka ya kibarazani rudisha motoni ichemke zaidi, tia tangawizi iliyopondwa, iliki mbili tatu, na kama mtu kakumbuka kashata hapo hamtaongelea kitu kingine. Inakubali kuni, mkaa, gesi, chochote. Kuosha ni kukung'uta kwenye kichaka mbali na hema na kusuuza mara moja. Ukinunua angalia mkono usiwe wa plastiki, na kitako kisiwe bati jepesi linalobonyea ukiligusa. Dele la shaba ni zuri sebuleni ila mgongoni utalilaani.

Moka naipa ya tatu na roho inaniuma kwa sababu nyumbani ndo natumia kila siku. Ni lile birika la Kiitaliano la pembe nane ambalo mvuke unasukuma maji yapite kwenye kahawa, Bialetti walianza kuitoa 1933, mwaka ule ule KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa, ilipoanza kule Moshi, sijui kama kuna uhusiano wowote ila mi hupenda kulisema hili kila nikiiwasha na watu wamenichoka. Inatoa kahawa nzito ya kuchanganya na maziwa. Tatizo langu nayo lilikuwa kuni. Niliiweka pembeni ya moto nikidhani mkono uko mbali, nikageuka kukata mkate, kurudi mkono wa plastiki umelegea umening'inia kama sikio la mbuzi na moshi mweusi unaingia kwenye kahawa. Fundi seremala mmoja alinichongea mkono wa mti kwa elfu 5 na mpaka leo upo, kwahiyo sijui nilalamike au nishukuru.

Mnaponunua moka mjue kitu kimoja, ikiandikwa "vikombe 3" ni vikombe vidogo vya kunyanyua kwa vidole viwili, yaani ni mtu mmoja mwenye usingizi. Chukua ya 6 angalau, halafu ya 3 ina ubaya mwingine, kitako chake kidogo inapita katikati ya vyuma vya jiko la gesi ikalala chali. Ya stili haichakai haraka kama ya alumini ila ni nzito. Nunua na mpira wa ziada ule wa katikati, ukikauka mvuke unatoka pembeni na hupati kitu. Kahawa usiishindilie, ijaze tu usawazishe.

Nne ni koni ya kuchujia, Hario V60 ya plastiki au zile za silikoni zinazokunjika kama chapati. Nyepesi, bei ndogo, kuosha hakuna, unatoa karatasi na machicha yake. Ila upepo unapoza maji yanapopita, karatasi zikilowa kwenye begi safari imeisha, na ukimimina kwa sufuria badala ya birika la mdomo mwembamba maji yanachimba shimo upande mmoja. Kwa mtu mmoja mtulivu asiye na haraka, sawa. Ipo na soksi ya kitambaa ambayo inatumika miaka, ila lazima uikaushe vizuri vinginevyo safari ya pili inanuka kama taulo.

Ya tano kahawa ya unga wa kuyeyusha. Ndiyo, juu ya frenchi presi. Africafe inatoka Bukoba, inahitaji kikombe na maji ya moto, na usiku ule wa kuamka saa 5 kuelekea kileleni hakuna mtu ana mikono ya kusukuma bomba. Beba paketi 5 hata kama una kila kitu, nimeshasema kwa nini. (Wahaya wenyewe wamemaliza mjadala zamani, wanayo kahawa ya kutafuna, buni zimechemshwa na majani zikakaushwa, hakuna moto hakuna kikombe hakuna cha kuosha.)

Frenchi presi mwisho. Ya kioo usiibebe, hadithi mmeisikia. Ya stili haivunjiki na kama mnatembea na gari lenye tanki la maji sawa, lakini yale machicha ya chini ni tope, ukimwaga nusu inabaki, ukiosha unaosha tena, na ule wavu una sehemu 3 za kufungua. Vile vimashine vya espreso vya kupampu kwa mkono sijaviweka kabisa, ni vichezeo vya mtu aliyeshanunua vyote vya juu.

Jiko sasa, maana bila hilo yote hayo ni mapambo. Kwenye gari mtungi wa kilo 6 wenye plet juu yake hauna mjadala. Kwa kubeba mgongoni ni jiko dogo la kukunja na kopo la gesi, na hapa kuna mtego: Kilimanjaro moto wa kuni hauruhusiwi, ndege haikubali kopo la gesi hata kwenye mzigo wa chini, kwahiyo kama unatoka Dar kwa ndege panga kununua Moshi au Arusha, na kabla hujaondoka hakikisha kichwa cha jiko lako kinaingia kwenye kopo la huko, yapo ya kuskruu na yapo ya kubonyeza. Angalia pia limeandikwa nini. Yale marefu ya bei rahisi mara nyingi ni gesi ya aina ya byuteni tupu, na byuteni ikifika karibu na nyuzi sifuri haigeuki hewa, jiko linawaka kama mshumaa wa bethidei afu linazima. Tafuta lenye mchanganyiko wa propeni. Ukilikosa, lala nalo ndani ya slipingi begi. Utaamka umelikumbatia na wenzako watakupiga picha, ila jiko litawaka.