Bisquick kwa vitonge vya soseji na jibini

Unga huu wa Marekani, uliopo sokoni tangu 1931, huja na mafuta, chumvi na beking pauda ndani, kwa hiyo usiongeze chumvi. Ya soseji inatosha. Pima unga vikombe 3, nyama mbichi ya soseji gramu 450, jibini ya cheddar gramu 450 na maziwa nusu kikombe, ukande kwa mkono, kisha ufinyange vitonge. Cheddar ikwaruze mwenyewe: ile iliyokwaruzwa kiwandani hupakwa wanga isigandamane, na vitonge hutoka vikavu, vyenye nyufa. Ukitaka kuviweka akiba, vigandishe vibichi, vimeachana kwenye sinia, ndipo uvitie kwenye mfuko. Oka kwa 180°C dakika 20 hadi 25. Vilivyoganda, zidisha muda kidogo. Ladha ya unga wenyewe ni ya kawaida tu. Unacholipia ni wepesi wa kazi.