Petroli ya Kawaida au ya Daraja la Juu? Mwongozo wa Dereva wa Dodoma Bei Ikipanda

Jumanne moja jioni, bei mpya zikisubiriwa usiku wa manane, jirani yangu hapa Ilazo alinisimamisha getini. Ana Toyota IST anayokwenda nayo kazini Mtumba kila siku. "Kaka, kwa bei hizi nishuke niweke ya kawaida? Si nitaua injini?" Kwa miaka miwili amekuwa akiweka petroli ya daraja la juu, ile yenye jina lake la kibiashara kwenye pampu, kwa sababu kuna fundi alimwambia kwamba "ile ni nzito, inasukuma gari."

Nikamwomba afungue kifuniko cha tenki. Nyuma yake kulikuwa na kibandiko cha Kijapani, kimefifia kwa jua na vumbi lakini bado kinasomeka. Tukakipiga picha, simu ikatafsiri: petroli isiyo na madini ya risasi, ya kawaida. Gari lilikuwa linamwambia tangu siku ya kwanza.

Naandika haya kwa ajili yake na wengine wengi ninaowaona sheli wakilipa zaidi kwa hofu tu, na pia kwa ajili ya wachache ambao bei ikipanda hubana mahali ambapo hawapaswi kubana. Makundi hayo mawili yanahitaji majibu tofauti. Nimepanga machaguo kwa nafasi, kuanzia ninalolipendekeza zaidi hadi la mwisho kabisa.

Unacholipia hasa

Ndani ya injini, hewa na petroli hubanwa na pistoni, kisha plagi huwasha. Petroli ikibanwa sana katika joto kali inaweza kuwaka yenyewe kabla ya wakati wake. Hapo ndipo mafundi husema injini inagonga. Ukiwa umepakia watu watano na mizigo, unapandisha Nyang'oro kuelekea Iringa kwa gia kubwa, utaisikia: mlio mkavu kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo la bati.

Namba ya oktani inaonyesha petroli inavumilia kubanwa kiasi gani kabla ya kujiwasha. Haihusiani na uzito wala haiongezi nguvu. Lita ya oktani ya juu na lita ya kawaida zina nishati inayokaribiana sana. Injini iliyoundwa kubana sana, au yenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani), inauhitaji uvumilivu huo. Injini ya kawaida haina pa kuupeleka.

Kuna jambo la pili ambalo watu hulichanganya na hili la kwanza. Baadhi ya petroli zenye majina ya kibiashara zimetiwa viongezi vya kusafisha nozo za injini na vali, lakini oktani yake inaweza kuwa ileile ya pampu ya jirani. Kwa hiyo usiulize tu "hii ni premiamu?" Uliza: "Oktani ngapi?" Mhudumu asipojua, mwombe amwite msimamizi. Jina zuri lililoandikwa kwenye pampu halikuambii namba.

Namba zenyewe pia hupotosha, kwa sababu kila nchi ina kipimo chake. Magari yetu mengi yametumika Japani kabla ya kufika huku, na Wajapani hutumia kipimo cha RON: ya kawaida kuanzia 89, ya juu, wanayoiita "haioku", kuanzia 96. Wamarekani hupima kwa njia nyingine, kwa hiyo 87 yao ni kama 91 hivi ya RON. Ukisoma mtandaoni kwamba gari lako linatumia 87, usidhani huku unaliwekea kitu cha anasa.

Na sisi wa Dodoma tuna bahati kidogo. Mji uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na injini isiyo na turbo hubana hewa pungufu, hivyo hatari ya kugonga hupungua. Ndiyo maana majimbo ya milimani Marekani, kama Colorado, huuza petroli ya 85 mahali ambapo kwingine huuzwa 87. Kwa gari la turbo bahati hiyo ni ndogo, maana turbo yenyewe inasukuma hewa ndani.

Nafasi ya kwanza: ya kawaida, kwenye sheli yenye watu, na risiti mkononi

Kwa IST, Vitz, Passo, Raum, Spacio, bajaji na pikipiki za boda, hili ndilo chaguo langu bila kusita. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima suala hili na hakikuona faida yoyote ya kuweka petroli ya juu kwenye gari lililoundwa kwa ya kawaida. Kilikadiria kwamba madereva wa huko walikuwa wamepoteza zaidi ya dola bilioni 2.1 kwa mwaka mmoja kwa njia hiyo.

Piga hesabu yako mwenyewe. Tuseme tofauti ni shilingi 150 kwa lita na wewe unatumia lita 40 kwa wiki. Hizo ni 6,000 kwa wiki, 24,000 kwa wiki nne. Hiyo inanunua chujio jipya la hewa, na kwa vumbi letu la kiangazi chujio safi litaisaidia injini yako kuliko oktani isiyoihitaji.

Ila "ya kawaida" haimaanishi ya sheli yoyote. Petroli ya nchi hii huagizwa kwa pamoja, kwa mfumo unaosimamiwa na Wakala wa Uagizaji wa Mafuta kwa Pamoja, hivyo kampuni nyingi zinachukua mzigo kutoka kwenye meli zilezile. Tofauti kubwa huanzia baadaye: kwenye lori, kwenye matenki ya chini ya ardhi, na kwenye uaminifu wa mwenye kituo.

Hili nililijua kwa hasara. Baada ya mvua kubwa nilijaza kwenye kituo kimoja kisicho na magari mengi, nikaelekea Singida. Kabla sijafika Bahi gari lilianza kukohoa, likazima. Fundi alipofungua bomba akakinga mafuta kwenye chupa ya maji ya kunywa, akaiweka juu ya boneti, akaniambia nisubiri. Dakika chache tu, vikajitenga: petroli juu, na chini yake, vidole viwili kamili, maji meupe yaliyotulia. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini kabisa, na pampu ya mafuta ya gari huvuta kutoka hukohuko chini. Kumwaga tenki, filta mpya, nusu siku jua la saa saba. Oktani yoyote isingenisaidia.

Kwa hiyo nenda panapoingia magari mengi, maana mafuta hayakai. Epuka kujaza lori la mafuta likiwa linashusha mzigo. Uchafu wa chini ya tenki huwa umetibuliwa. Angalia stika ya Wakala wa Vipimo kwenye pampu. Hakikisha mita imeanzia sifuri kabla nozo haijabonyezwa, hasa wewe wa boda unayeweka ya elfu tatu tatu, kwa sababu kwako mililita mia ni safari nzima. Na dai risiti. Ukija kulalamika mafuta yamechakachuliwa, bila risiti huna pa kuanzia.

Kuhusu bei, EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Kila eneo lina yake kulingana na umbali kutoka bandarini, ndiyo maana Kondoa hawalipi sawa na mjini. Piga *152*00# ufuate maelekezo uone ya kwenu. Hicho ni kikomo cha juu; kituo kinaruhusiwa kuuza chini yake, na vipo vinavyofanya hivyo. Shilingi 20 au 30 kwa lita zinafaa kufuatwa kama sheli iko njiani kwako. Kutoka Kisasa hadi Nala kwa ajili ya shilingi 20 ni kuchoma ulichookoa.

Nafasi ya pili, ambayo kwa wachache ndiyo ya kwanza: oktani ya juu

Kama kifuniko chako kinasema "haioku", au kimeandika RON 95 au zaidi, usibane hapa. Naongelea Forester za turbo, magari mengi ya Ulaya yenye turbo, na baadhi ya Crown za V6. Nasema baadhi kwa sababu hutofautiana kwa injini na mwaka; soma kifuniko cha gari lako, usisome cha rafiki.

Ni kweli magari ya kisasa yana kihisi, yaani sensa, inayosikia kugonga na kuchelewesha cheche ili injini isiumie. Lakini hapo unapoteza nguvu, unakunywa mafuta zaidi, na turbo iliyopakiwa mzigo mlimani inaweza kuvuka uwezo wa sensa kurekebisha. Pistoni iliyotoboka itakula akiba ya miaka.

Kitabu cha gari hutofautisha "lazima" na "inapendekezwa", na bei ikipanda tofauti hiyo ni pesa. Kwenye lazima hakuna mjadala. Kwenye inapendekezwa, AAA walipima tena mwaka 2017 wakakuta ulaji wa mafuta ulikuwa bora kwa wastani wa asilimia 2.7 tu, na nguvu asilimia 1.4. Basi kama ya juu inakuzidishia gharama kwa asilimia tano, hairudishi pesa yake kwenye mizunguko ya mjini. Weka ya kawaida kwa kazi za kila siku, weka ya juu unapokwenda mbali na mzigo.

Ukikwama mahali ambapo ya juu haipo, na si kila sheli inayo, weka lita za kukufikisha, endesha taratibu, shusha gia mapema mlimani. Ukisikia kokoto, ondoa mguu.

Nafasi ya tatu: kuchanganya

Nusu kwa nusu inakubalika. Ukichanganya, oktani inakuwa katikati, na haidhuru chochote. Inawafaa wale wa "inapendekezwa" peke yao. Mwenye IST akichanganya anapoteza nusu ya hela badala ya yote.

Petroli yenye viongezi vya kusafisha naiweka hapahapa. Kwa gari lililokimbia miaka mingi, tenki moja mara chache kwa mwaka si jambo baya. Usitarajie izibue kilichozibwa na vumbi. Vumbi linaishia kwenye chujio la hewa, na viongezi vya petroli havifiki huko.

Nafasi ya nne: vichupa vya kupandisha oktani

Sinunui. Kichupa kinachosema kinapandisha pointi 20 mara nyingi kinahesabu pointi kama sehemu ya kumi, maana yake namba mbili tu, tena ukimimina kipimo sahihi. Kama gari linahitaji oktani ya juu, inunue kwenye pampu.

Ya mwisho: petroli ya chupa ya barabarani

Najua kwa nini ipo. Ukiwa ndani ya Chemba au Manyoni na boda imekauka, sheli iko mbali na mgonjwa yuko nyuma yako, utanunua. Sikulaumu. Ila kwa lita unalipa zaidi kuliko mtu wa mjini, chupa haina kipimo cha kuaminika, na hujui ilikuwa na nini jana. Nunua ya kukufikisha sheli tu. Inyanyue juani uitazame. Ikiwa na ukungu au mstari chini, iache. Hata ikionekana safi, mabaki ya mwisho ya chupa usiyamimine.

Na tafadhali, usiweke akiba ya petroli nyumbani kwenye madumu eti bei itapanda Jumatano. Mvuke wake unatambaa chini hadi jikoni bila wewe kuuona. Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, zaidi ya watu 100 walikufa kwa moto wa petroli iliyomwagika kwenye lori lililopinduka. Wengi wetu huku kanda ya kati tulimjua mtu aliyemjua mmoja wao. Akiba pekee ya kufanya ni kujaza tenki la gari Jumanne.

Wenye dizeli, mambo haya ya oktani hayawahusu kabisa. Kwenu tazameni usafi na maji. Filta yenye kitenganishi cha maji imwageni mara kwa mara, hasa masika.

Pima mwenyewe

Jaza tenki mpaka nozo ikate yenyewe, andika kilomita. Endesha kama kawaida, rudi sheli ileile, jaza tena mpaka ikate. Gawa kilomita kwa lita ulizoweka sasa hivi. Kilomita 456 kwa lita 38 ni 12 kwa lita. Fanya matenki matatu kwa kila aina, maana tenki moja lenye safari ya Morogoro litakudanganya. Kabla ya kuanza jaza upepo wa matairi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango, vinginevyo utakuwa unapima matairi.

Jirani yangu amefanya hivyo. Karatasi yake iko kwenye kikava cha jua cha IST: ya daraja la juu ilimpa 12.9 kwa lita, matenki matatu ya kawaida yakampa 13.1, 12.8 na 13.0. Jumamosi anamleta shemeji yake mwenye Forester ya turbo, ambaye naye anataka kushuka. Nimemtumia ujumbe asiweke kitu mpaka tufungue kifuniko.