Kidonge cha kila wiki kilinishinda, dripu ya mwaka nimeikubali

Nina miaka 66, mkazi wa Mombasa. Mwishoni mwa 2022 niliteleza uani, maji ya kufulia hayajakauka, nikajikinga kwa mkono, ukavunjika pale pale pa kuvalia bangili. Kwa kuanguka kudogo vile mkono haukupasa kuvunjika. Nikapelekwa kipimo cha uimara wa mifupa kiitwacho DEXA, uti wa mgongo ukatoka -2.9. Kuanzia -2.5 kushuka chini ndiyo osteoporosisi yenyewe, ugonjwa wa mifupa kudhoofika. Shoga yangu akaniambia ninywe supu ya mifupa. Naipenda sana, lakini nilihitaji dawa.

Nikaanzishiwa alendronate ya miligramu 70, kidonge kimoja kwa wiki. Ndiyo nafuu kuliko zote nilizotajiwa. Unameza asubuhi, tumbo tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu, halafu unakaa wima nusu saa bila kula wala kujilaza. Hata maji ya chupa yenye madini hayafai, kalsiamu hukizuia kidonge kuingia mwilini. Mimi bila chai ya maziwa macho hayafunguki. Kila Jumatatu nilikaa kwenye kiti cha jikoni naitazama sufuria inavyopoa. Ramadhani niliamka nusu saa kabla ya daku, nikameza, nikasubiri, ndipo nikala. Masharti niliyaweza.

Kilichonishinda ni kiungulia. Wiki ya tisa hivi chakula kilianza kunichoma kikishuka, hapa nyuma ya kifua, hata ugali laini. Nakiri Jumatatu moja usingizi ulinizidi nikajilaza mapema. Daktari akanisimamishia kidonge siku hiyo hiyo, maana dawa hii huweza kuchimba vidonda kwenye umio. Lakini dada yangu anaimeza mwaka wa nne sasa na hajalalamika hata siku moja, kwa hiyo asiyesumbuliwa asiiogope kwa sababu yangu.

Zikabaki dawa mbili. Denosumab ni sindano ya chini ya ngozi kila miezi sita, na binti yangu aliitaka hiyo. Nikauliza, je, nikikosa moja? Daktari hakunificha: ukichelewa sana au ukiacha bila kufuatishia dawa nyingine, mifupa hupungua kwa kasi, na wapo waliovunjika pingili kadhaa za mgongo. Mimi naishi kwa pensheni na kwa watoto wanachonitumia, na kuna miezi hakifiki. Nikamwambia, mwanangu, dawa isiyosamehe kuchelewa siiwezi. Asidi ya zoledroniki ni dripu ya mara moja kwa mwaka, nayo hukaa ndani ya mfupa muda mrefu. Nikachagua hiyo.

Kituo cha kwanza nilichokwenda walitaka kunitundikia siku hiyo hiyo bila kupima figo. Nilichukua mkoba wangu nikaondoka. Figo zikiwa dhaifu dripu hii ni hatari, na kalsiamu na vitamini D zikiwa chini zirekebishwe kwanza. Vitamini D yangu ilikuwa chini, nikameza vidonge wiki kadhaa. Nikang'oa na gego bovu, nikangoja pengo lipone, kwa kuwa dawa zote tatu, mara chache sana, huweza kuua mfupa wa taya, hasa ukishang'oa jino. Na ukiwa nazo kwa miaka kisha paja likaanza kuuma bila sababu, usinyamaze. Mfupa wa paja huweza kupata ufa.

Dripu yenyewe ni dakika ishirini tu. Nesi aliniambia, "Mama, usiku utasikia joto." Nikamcheka, mimi niliyezoea malaria! Saa nne usiku nilikuwa natetemeka, viungo vyote vinauma, hata shuka naona zito. Siku mbili sikupika. Ya tatu nikaamka nikafagia ua.

Mwaka uliofuata homa ilikuwa ya usiku mmoja, na kiungulia sijakiona tena. Kipimo kimepanda hadi -2.6, si muujiza, ila hakikushuka na sijavunjika tena. Bei hainifurahishi, kwani dripu unailipa yote kwa mkupuo, lakini nina mwaka mzima wa kuiwekea akiba kidogo kidogo. Ya tatu ni Agosti hii, kisha daktari amesema tutapima tuone kama naweza kupumzika. Panadol nimeshanunua, na binti yangu atakuja kulala siku mbili apike yeye.