Modeli ya DNA ya plastiki: nzuri kwa darasa, ila ncha zake hazina alama

Nasomesha Baiolojia kidato cha sita hapa Wete. Modeli hii niliinunua Darajani kwa shilingi 65,000, na ilivuka na boti hadi Pemba bila kipande kuvunjika.

Kilichonifurahisha ni vifungo vyake. Herufi za DNA ni nne: A na T hushikana kwa pini mbili, G na C kwa pini tatu, idadi ile ile ya vifungo vya hidrojeni kwenye DNA yenyewe. Ukilazimisha A ishike C, haikubali. Wanafunzi wakiziachanisha nyuzi mbili na kuujengea kila mmoja mwenzake, wanaona kwa macho kwamba kila DNA mpya ina uzi mmoja wa zamani. Wanasayansi Meselson na Stahl walilithibitisha hilo mwaka 1958 kwa bakteria na naitrojeni nzito.

Kasoro iko penye ugumu wa mada, yaani jinsi DNA inavyonakiliwa. Ncha mbili za kila uzi huitwa 5 na 3, na nyuzi za DNA zimelala kinyume: penye ncha ya 5 ya mmoja pana ncha ya 3 ya mwenzake. Polimerasi, kimeng'enya kinachojenga uzi mpya, nayo huongeza nyukliotidi (vijenzi vinavyobeba herufi hizo) kwenye ncha ya 3 tu. Kwa hiyo helikesi, kimeng'enya kinachoachanisha nyuzi, ikizidi kuzifungua, uzi mpya mmoja huifuata bila kukatika, wa pili hujengwa kwa kurudi nyuma, vipande vipande, kila kipande na kianzio chake, kijiuzi kifupi cha RNA. Baadaye vianzio huondolewa, mapengo hujazwa, na ligasi, kimeng'enya cha kuunga, huviunga vipande kama ukili unavyoshonwa ukawa mkeka. Reiji na Tsuneko Okazaki wa Nagoya, Japani, ndio waliovigundua vipande hivyo, miaka ya 1960. Vya bakteria hufika nyukliotidi 1,000 hadi 2,000; vyetu binadamu 100 hadi 200 tu.

Sasa modeli inayokataa A kushika C inakubali kuungwa ncha yoyote! Mwanafunzi anajenga nyuzi zote mbili kwa mkupuo, na hakuna kinachomzuia.

Nilipaka ncha zote za 3 rangi ya kucha nyekundu, nikaweka sharti moja: ongeza penye nyekundu tu. Uzi wa pili ukawakwamisha, na wenyewe wakauliza, "Mwalimu, huku tutajengaje?" Somo zima limo ndani ya swali hilo.

Walimu wenzangu, nunueni, lakini chukueni maboksi mawili. Boksi moja lina jozi 12, hazitoshi kuonesha hata vipande viwili vya Okazaki.