Nilivyoisikia upya The Low End Theory, orodha yangu yote ikavurugika

Naanza kwa kuungama. Kwa miaka kama sita nilikuwa nikimwambia yeyote aliyetaka kunisikiliza kwamba The Low End Theory ya A Tribe Called Quest imesifiwa kupita kiasi. Albamu ya 1991, ngoma 14, wakongwe wote wa hip hop wanaivulia kofia, na mimi sikuona kingine zaidi ya watu wawili wanaopiga soga juu ya mdundo mkavu. Kumbe tatizo nilikuwa nalo mkononi. Nilikuwa naisikiliza kwa spika ya simu, simu yenyewe nimeitumbukiza kwenye kikombe ili sauti ikue. Spika ile haizidi ukucha, besi haiitoi hata uipigie magoti, na albamu hii hata jina lake linakuelekeza huko chini kwenye besi. Nilikuwa kama mtu anayemtazama mcheza ngoma kutoka nyuma ya ukuta: kichwa nakiona kinatikisika, miguu siioni.

Mwezi uliopita nikanunua hedifoni za maana, zile zinazofunika sikio lote. Wimbo wa kwanza kuupiga ukawa "Excursions", kwa ubishi tu, ili nijithibitishie kuwa sikukosea.

Inaanza na besi peke yake, lile besi kubwa la mbao ambalo mpigaji husimama nalo kama anacheza nalo dansi. Linazunguka mara kadhaa, halafu Q-Tip, mchanaji wa kundi, anaingia juu yake bila dramu yoyote, anasimulia enzi za ujana wake, na jinsi baba yake alivyoisikia hip hop akasema inamkumbusha bebop, aina ya jazi. Sekunde zote hizo dramu hazijaja. Zinapodondoka, nilihisi kama kiti kimesogea. Nilirudisha nyuma mara nne kabla ya kuuruhusu wimbo uendelee, na hapo nikajua kwamba miaka sita nimeongea upuuzi.

Zamani ukiniuliza ngoma kali ya albamu hii ningesema "Scenario", ile ya kufungia, ambayo mchanaji mgeni Busta Rhymes anaingia mwishoni na kunguruma kama simba. Ni kali kweli, na hata kwa spika ya simu inasikika vizuri, maana ni makelele matupu ya furaha. Sasa hivi nasema "Verses from the Abstract". Aliyepiga besi humo ni Ron Carter, mzee aliyekuwa kwenye kundi la gwiji wa jazi Miles Davis miaka ya 1960, na hakuja kujionesha. Anakaa nyuma ya Q-Tip na kumsukuma taratibu. Phife, mchanaji mwenzake Q-Tip, naye apewe haki yake: kwenye albamu ya kwanza ya kundi hakusikika sana, hapa anafungua "Buggin' Out" kama mtu aliyesubiri foleni tangu alfajiri na sasa zamu yake imefika.

Basi ikanibidi niirudie orodha yangu yote ya ngoma kali, albamu moja kila usiku, kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Mdogo wangu, ambaye hajawahi kumaliza albamu yoyote maishani mwake, aliniuliza kama naumwa.

Illmatic ya Nas, 1994, haikunipa taabu. Niliyempenda zamani ndiye ninayempenda leo: "N.Y. State of Mind". DJ Premier, mtengenezaji wa mdundo, kachukua kinanda kizito, kakizungusha, na mahali pa kiitikio kaweka sauti ya mchanaji mkongwe Rakim aliyoikwaruza kwenye santuri. Juu ya hapo kijana wa miaka 20 anachana bila kuvuta pumzi, vina vinapandana hadi unasahau mstari ulianzia wapi. Hedifoni mpya zilinionesha kitu kingine, ule mwisho wa "Life's a Bitch". AZ, mgeni pekee anayechana kwenye albamu nzima, keshamaliza kazi yake, Nas keshamaliza yake, na hapo inaingia koneti, ndugu yake tarumbeta. Anayeipuliza ni Olu Dara, baba yake Nas. Watoto wanasema maisha hayana maana, mzee hajibu kwa neno, anapuliza tu. Kwenye simu nilidhani ni sehemu ya kuukatia wimbo. Albamu nzima haifiki dakika 40, na bado "One Time 4 Your Mind" naiona kama imejazia nafasi. Nipigwe mawe.

Iliyoniumiza kichwa zaidi ni Aquemini ya OutKast, kundi la watu wawili, 1998. Jina lenyewe wamelishona kutokana na nyota zao mbili, Big Boi wa Ndoo na André wa Mapacha. Miaka yote nilishabikia "Rosa Parks", na ile hamonika iliyopulizwa na baba wa kambo wa André, ambaye ni mchungaji, bado inanisimamisha. Lakini "SpottieOttieDopaliscious" imeipita, tena kwa mbali.

Ni dakika saba na kitu. Tarumbeta zinapiga sauti ileile, zinaondoka, zinarudi, hazina haraka na mtu. Hakuna anayechana humo kwa maana halisi, wote wawili wanaongea tu, kama jamaa anayekusimulia jambo mmeegemea gari. André anaeleza usiku wa ukumbini unavyoanza kwa raha na kuishia kwa vurugu. Big Boi anaeleza alivyokutana na mwanamke, mapenzi yakanoga, mtoto akaja, kisha bili zikaja, na kazi ya posta ikamponyoka kwa sababu ya kipimo cha mkojo. Hadithi ya miaka kadhaa imekaa ndani ya ubeti mmoja, wala hapandishi sauti hata mara moja. Nilikuwa nauruka wimbo huu kwa kuwa haukuwa na "mistari". Leo nikiulizwa ngoma moja ya kumpa mtu anayeamini hip hop ni kelele, nitampa huu na nitakaa pembeni kimya.

Dosari ya Aquemini ni urefu. Baadhi ya nyimbo zinazunguka baada ya kuwa zimeshasema neno lake, na ukifika "Liberation", ambayo nayo inakaribia dakika tisa, lazima uwe umejipanga.

The Miseducation of Lauryn Hill ni ya mwaka huohuo wa 1998, na ndiyo albamu ya kwanza ya hip hop kuchukua Grammy ya albamu bora ya mwaka. Inafunguliwa na mwalimu anayeita majina darasani, akifika kwa Lauryn hakuna anayeitika, na mara "Lost Ones" inalipuka. Ufunguzi mtamu kuliko huo sijui kama upo. Shida ni kwamba darasa linaendelea. Maongezi ya mwalimu na wanafunzi kuhusu mapenzi yameshonewa kwenye mikia ya nyimbo, na mara ya kumi ukiyasikia unatamani kengele ya kutoka igongwe. Ngoma yangu ni "Lost Ones" bado. "To Zion", ile ya mtoto wake wa kwanza, yenye gitaa la Carlos Santana, naiheshimu sana, ila siwezi kuisikiliza nikiwa na watu.

Madvillainy ya 2004, ya mchanaji MF DOOM na mtengenezaji wa midundo Madlib, haikubadilika hata kidogo. Madlib aliitengeneza ikiwa na vumbi la santuri kuukuu tangu mwanzo, hivyo iwe simu, iwe hedifoni, vumbi ni lilelile. Ngoma 22 kwa dakika 46 hivi, viitikio karibu hakuna, ukipiga chafya umepitwa na wimbo. Wengi wataichagua "Accordion" na siwalaumu. Mimi nacheka kila nikifika "Fancy Clown", ambamo DOOM anachana kwa jina lake lingine, Viktor Vaughn, akimlaani mpenzi wake kwa kutoka na DOOM. Jamaa kajiibia mwenyewe, na ana hasira za kweli.

To Pimp a Butterfly ya Kendrick Lamar nitaisema kwa kifupi: kazi kubwa, naisikiliza mara mbili kwa mwaka, "How Much a Dollar Cost" ndiyo hadithi yake bora. Kendrick ninayemrudia ni yule wa good kid, m.A.A.d city, 2012, na humo kuna "Sing About Me, I'm Dying of Thirst", dakika 12. Ubeti wa kwanza anaongea kama rafiki aliyefiwa na kaka yake. Anaomba kwamba kama atakufa kabla albamu haijatoka, basi... na risasi zinakata sentensi. Ubeti wa pili anaongea kama dada wa Keisha, yule binti aliyeimbwa kwenye albamu ya Kendrick ya 2011. Huyu ana hasira, hataki kuimbwa, anaapa kwamba yeye hatafifia kamwe, na huku anaapa sauti yake inashuka, inashuka, hadi inamezwa na mdundo.

Enzi za kikombe nilidhani simu imeharibika. Kila nilipofika hapo niliongeza sauti, kisha ubeti wa tatu ukaja kunipasua masikio.

Juzi nikamvisha mdogo wangu hedifoni, nikamwambia akae dakika 12 tu, asiguse kitu. Alikunja uso kwenye risasi. Kwenye ubeti wa pili alitulia, macho kayafumba, kisha nikaona mkono wake unaanza kutambaa taratibu kuelekea kitufe cha sauti. Nikauzuia.